Flashi ya Mwalimu wa kwaya: giga 32 zilizogeuka megabaiti 4

Mwalimu alifika kibandani kwangu Mwanjelwa asubuhi moja ya mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya inayowafanya mafundi wote wahamie kwa mama muuza chai. Alikuwa ametoka Tukuyu na gari la kwanza. Flashi aliifunga kwenye pindo la kitenge, akalifungua fundo taratibu, akaiweka mezani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe huna haraka ya kufomati."

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote, hatua kwa hatua, pamoja na mahali nilipokosea, kwa sababu flashi za namna hii huletwa kwangu mara nyingi, na nyingi hufika zikiwa zimeshaharibiwa na watu waliotaka kusaidia.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Mgongoni flashi imeandikwa 32GB. Ukiichomeka, kompyuta ya Windows inaonyesha diski yenye megabaiti 4 na kidogo, tupu. Wiki tatu nyuma mtoto wa dada yake, kijana wa chuo, aliiazima ili aweke Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, kwenye laptopu yake. Akairudisha na kusema laptopu ilikataa kuwaka kwa hiyo flashi, basi ameiacha kama ilivyo. Mwalimu alipoichomeka, folda zake zote hakuziona. Aliona folda moja tu inaitwa EFI. Akaipeleka kwa fundi, fundi akafomati, ikabaki megabaiti 4. Akarudi kesho yake, ikafomatiwa tena. Akaenda kwa fundi mwingine, naye akafomati. Mara tatu, kila mara shilingi elfu mbili, na jibu la mwisho alilopewa ni kwamba flashi ni feki, anunue nyingine.

Flashi feki zipo, tena nyingi. Ile inayouzwa barabarani kwa bei ya soda ikiwa imeandikwa 2TB ni feki, hakuna ubishi. Lakini feki hudanganya kwenda juu. Chipu yake huiambia kompyuta kwamba ina nafasi kubwa kuliko iliyonayo, unajaza picha, na picha za mwisho zinapotea. Sijawahi kuona feki inayojipunguza kutoka giga 32 hadi megabaiti 4. Kwa hiyo hata kabla sijaichomeka nilikuwa na shaka na jibu lile.

Sikuichomeka upesi. Nilimuuliza kwanza swali ninalomuuliza kila mtu: humo ndani kulikuwa na nini, na kipo mahali pengine?

Akanihesabia kwa vidole. Video nane za albamu ya kwanza ya kwaya. Video tisa za albamu ya pili. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Na sauti za mazoezi. Arobaini na moja." Albamu ya kwanza ipo kwenye DVD kanisani. Albamu ya pili haipo popote, maana kompyuta ya aliyeirekodi ilikufa. Sauti za mazoezi nazo hazipo popote. Hizo ndizo zilizomtoa Tukuyu alfajiri. Wanakwaya wake wengi hawasomi nota. Yeye hurekodi kila wimbo mara nne, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, akiimba mwenyewe au akimwimbisha mtu mmoja mmoja, halafu kila kundi linasikiliza la kwake nyumbani. Kwaya ilikuwa na safari ya Iringa baada ya siku kumi na mbili, na nyimbo sita za safari hiyo zilikuwa humo.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana kisa chote kimesimama juu yake.

Tumezoea kusema "kufomati" kwa kila kitu, lakini kwenye flashi kuna kazi mbili. Chukua shamba la viazi pale Uyole. Kazi ya kwanza ni kupima na kuweka bikoni: kutoka hapa hadi pale ni shamba la fulani, kutoka pale hadi kule ni la mwingine. Kazi ya pili ni kuingia ndani ya mipaka hiyo na kupiga matuta ili mbegu zipate pa kukaa. Kugawa partisheni ni kuweka bikoni. Kufomati ni kupiga matuta. Anayefomati hagusi bikoni. Kama mtu amekuja usiku akasogeza bikoni hadi shamba likabaki kijitalu cha hatua tatu kwa tatu, unaweza kupiga matuta humo mara mia, na shamba litabaki lile lile la hatua tatu. Sehemu yote iliyobaki ya ekari ipo, udongo wake haujaguswa, ila kwenye ramani haina jina la mtu.

Hicho ndicho kilichoipata flashi ya Mwalimu. Na ndiyo maana mafundi wale wawili, bila kujua, hawakuharibu chochote cha maana kwa kufomati mara tatu. Walikuwa wanapiga matuta ndani ya megabaiti 4. Kama mmoja wao angejua njia ya kuondoa bikoni lakini asiulize kulikuwa na nini, angeirudisha flashi kwenye giga zake, akaijaza nyimbo za mtaani ili kumfurahisha mteja, na kisa kingeishia hapo.

Niliichomeka kwenye kompyuta yangu ya Linux, ambayo nimeizuia isifungue flashi yenyewe kila inapochomekwa. Kompyuta ikaripoti sekta 60,062,500, yaani vyumba vidogo vya kuhifadhia data. Kila sekta ni baiti 512, zidisha unapata baiti 30,752,000,000. Watengenezaji huhesabu giga kwa baiti bilioni moja na hukata sehemu kidogo kwa matumizi ya chipu. Windows nayo huhesabu kwa 1,024 mara tatu, kwa hiyo kwake hiyo ni giga 28.6. Flashi ya kawaida ya giga 32 ni hiyo hiyo. Chipu ilikuwa inasema ukubwa wake halisi, na tatizo lilikuwa kwenye ramani.

Ramani yenyewe hukaa kwenye sekta ya kwanza kabisa. Huitwa MBR, na ilikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, IBM walipotoa kompyuta ya XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10. Miaka zaidi ya arobaini imepita na flashi zetu nyingi bado zinaitumia. Katika baiti 512 za sekta hiyo, kuanzia baiti ya 446 kuna mistari minne ya baiti 16 kila mmoja. Kila mstari ni partisheni moja: ni ya aina gani, inaanzia sekta ipi, ina sekta ngapi. Baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, muhuri wa kuonyesha kwamba ramani ni halali. Nilimgeuzia Mwalimu kioo akaona kwa macho yake. Mstari wa kwanza ulikuwa na aina 00, ambayo Windows huichukulia kama mstari mtupu. Mstari wa pili ulikuwa na aina EF, yaani sehemu ndogo ya kuwashia kompyuta, yenye sekta elfu nane na ushee. Elfu nane mara 512 ni megabaiti 4. Mistari miwili iliyobaki, sifuri tupu.

Kijana hakufanya kosa la kijinga. Faili la ISO la Linux, yaani nakala ya diski nzima ya kuisakinisha iliyofungwa ndani ya faili moja, linapoandikwa kwenye flashi kwa njia ya moja kwa moja, haliingii kama faili ndani ya folda. Linamwagwa kuanzia sekta ya kwanza kwenda mbele, na linakuja na ramani yake lenyewe, ambayo inafuta ya zamani. Windows haijui kusoma sehemu kubwa ya ISO hiyo kama diski, inaona kile kijisehemu cha kuwashia tu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kosa lake lilikuwa kutouliza kama kuna kitu ndani, na hilo Mwalimu alishamsemesha, sikuwa na la kuongeza.

Sasa hesabu ya muhimu. ISO ile ilikuwa giga 3.86. Imeandikwa kuanzia mwanzo wa flashi, kwa hiyo baiti bilioni 3.86 za mwanzo zimekwenda na hazirudi, hakuna fundi wala programu ya kuzirudisha. Lakini flashi nzima ni bilioni 30.7. Kuanzia pale ISO ilipoishia hadi mwisho, hakuna aliyeandika kitu. Na tulikuwa na bahati moja kubwa: laptopu ya kijana ilikataa kuwaka. Zipo Linux ambazo zikiwaka mara ya kwanza kutoka kwenye flashi hutengeneza partisheni nyingine kwenye nafasi iliyobaki na kuanza kuandika kumbukumbu zao humo. Ingewaka, tungekuwa na hesabu nyingine.

"Ulianza kuweka nini humu ndani?" nilimuuliza.

"Albamu ya kwanza. Halafu ya pili. Sauti ndizo za mwisho, naongeza kila wiki."

Flashi mpya hujaa kutoka mwanzo kwenda mwisho. Video zake zilikuwa za wastani wa megabaiti 400. Nane za kwanza ni kama giga 3.2, zote ndani ya eneo lililofutwa. Ya tisa pia. Ya kumi imekatwa katikati. Kuanzia ya kumi na moja kuna matumaini, na sauti za mazoezi ziko nyuma zaidi, baada ya giga ya sita na nusu. Nikamwambia hivyo kabla sijafanya lolote. Naona ni haki ya mteja kujua kipi kimekufa kabla hajalipia uokoaji, na ni afadhali asikie mwanzoni kuliko baada ya kusubiri saa tatu kwenye benchi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchukua nakala kamili ya flashi, sekta kwa sekta, nikaiweka kwenye diski yangu. Ilichukua karibu nusu saa. Baada ya hapo flashi yenyewe niliichomoa, nikamrudishia, akaifunga tena kwenye kitenge. Kila kilichofuata nilikifanya kwenye nakala. Sifanyi uokoaji juu ya flashi ya mteja, hata akiwa na haraka kiasi gani, maana jaribio moja baya juu ya kitu halisi halina pa kurudi.

Nilitumia PhotoRec. Ni programu ya bure, na pamoja na jina lake haiishii kwenye picha. Haitafuti ramani wala orodha ya majina. Inapita sekta moja baada ya nyingine ikitafuta alama za mwanzo wa faili: MP3 huanza hivi, MP4 huanza vile. Kwa kisa hiki ndiyo iliyofaa, kwa sababu jedwali la FAT32 (mfumo wa kupanga faili uliokuwa kwenye flashi hiyo), linaloonyesha kila faili liko wapi, hukaa mwanzoni mwa partisheni, nakala zake zote mbili, orodha kuu ya majina kwa kawaida huanzia baada yake, na mwanzo wote ulishamezwa na ISO. Niliiambia isome diski nzima badala ya ile partisheni ya megabaiti 4, na iokote MP3 na MP4 peke yake. Usipoibana hivyo inakuletea maelfu ya vipicha na vipande vya Linux yenyewe.

Faili la kwanza la video lililotoka liliitwa f7815168. Namba hiyo ni sekta lilipoanzia. Zidisha kwa 512 unapata baiti 4,001,366,016, yaani giga 4 kasoro hakuna. Video ya kumi na moja, pale pale hesabu ilipoiweka. Nilifurahi sana, nakiri, maana ni nadra vitabu na flashi ya mtu kukubaliana hivyo. Zikafuata nyingine sita. Halafu kuanzia sekta milioni 13 na kitu, zikaanza kutoka sauti.

Kati ya sauti 41 zilitoka 38, na mbili kati ya hizo zinakatika katikati. Zile tatu ambazo hazikutoka, nadhani ni kwa sababu Mwalimu aliwahi kufuta vitu vya mwanzoni, na sauti mpya zikajaza mapengo hayo, ndani ya eneo la ISO. Video saba kati ya kumi na saba. Hiyo ndiyo hesabu kamili ya uokoaji.

Lakini majina hayakuwepo. Alikuwa ameandika "Sauti ya 2 Bwana ndiye" na mengine ya namna hiyo, sasa ana f13318144 na ndugu zake thelathini na saba. Nikampa kiti, vifaa vya masikioni na daftari. Alikaa kuanzia saa nne hadi karibu saa nane. Anabonyeza, anasikiliza sekunde kumi, anaandika namba na jina. Sauti ya tatu alikuwa anaitambua kabla mtu hajamaliza neno la kwanza. Kuna moja aliisikiliza hadi mwisho, akairudia, kisha akavua vifaa akaniambia huyo aliyeimba ni mzee wa besi waliyemzika mwezi wa tatu. Hakuandika jina la wimbo. Aliandika jina la mzee. Mimi nilikuwa nabadili majina ya mafaili kwa kufuata daftari lake, na hilo nililiandika vile vile alivyoliandika.

Sehemu ya pili ya kisa ni ya kuitayarisha flashi upya, na ndiyo niliyokosea.

Kwanza niliiwekea partisheni ya muda inayochukua flashi nzima, nikaipima kama ni ya kweli, kwa kuiandika hadi ijae na kuisoma tena. Kwenye Linux natumia f3write na f3read, kwenye Windows wengi hutumia H2testw. Kipimo hicho kinajaza nafasi yote iliyo tupu, na kwa hiyo kinaandika juu ya faili zilizopotea, ndiyo maana hakifanywi kabla ya uokoaji. Ilichukua zaidi ya saa moja na kila baiti ilirudi kama ilivyokwenda. Flashi nzuri kabisa, ile iliyoitwa feki.

Halafu kuondoa ramani. Kwenye Windows, ile sehemu ya kusimamia diski mara nyingi hainiruhusu kufuta partisheni ya flashi, maandishi yanakuwa ya kijivu. Hapo naingia diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa kuandika amri. Unaandika list disk, inakuletea orodha ya diski zote, unachagua yako kwa select disk na namba yake, halafu clean. Neno hilo clean haliulizi "una uhakika?". Linafuta ramani ya diski uliyochagua papo hapo. Miaka mingi nyuma niliandika namba 1 badala ya 2, nikafuta ramani ya diski ya nje ya mwanafunzi iliyokuwa imechomekwa pembeni, na ndani kulikuwa na tasnifu yake. Niliirudisha ramani kwa TestDisk usiku wa manane, mikono inatetemeka. Tangu siku ile nachomoa kila diski ya nje kabla sijafungua diskpart, nasoma ukubwa kwa sauti, "giga 28, hii ndiyo," na ndipo naandika. Mwalimu aliitikia "Hii ndiyo" kama kiitikio.

Swali likawa: tuifomati kwa mfumo gani? Hapa mahitaji yalikuwa mawili, na yalivutana. Redio ya koasta itakayowapeleka Iringa inasoma FAT32 peke yake, kama redio nyingi za magari na sabufa nyingi. Lakini aliyewapiga video ya albamu mpya alikuwa amempa Mwalimu faili moja la giga 6.2, litakaloonyeshwa kanisani kabla ya safari. FAT32, iliyokuja na Windows 95 toleo la mwaka 1996, imetenga baiti nne tu za kuandika ukubwa wa faili. Namba kubwa inayoingia kwenye baiti nne ni 4,294,967,295. Faili likizidi hapo halina pa kuandikwa ukubwa wake, hata flashi iwe na nafasi tele. Ndiyo sababu watu wanaambiwa faili ni kubwa mno huku wanaona giga 28 ziko tupu mbele ya macho yao. Mfumo wa exFAT, ambao Microsoft waliutoa mwaka 2006 hasa kwa ajili ya flashi na kadi za kumbukumbu, hauna ukomo huo. Redio ya koasta haiujui.

Mimi nikaona nimepata jibu zuri: tuigawe. Partisheni ya kwanza giga 8, FAT32, kwa ajili ya sauti. Ya pili giga 20 na ushee, exFAT, kwa ajili ya video. Ya kwanza lazima iwe FAT32, kwa sababu redio hutazama ya kwanza na kuishia hapo. Nilifanya hivyo, nikajaribu kwenye laptopu yangu ya Windows 10, herufi mbili za diski zikatokea. Nikaazima redio ya bajaji ya jirani, nyimbo zikalia. Mwalimu akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akapanda gari.

Siku ya tatu simu ikaita. "Mwanangu, video haipo."

Nilimwuliza kompyuta ya kanisani ni ya namna gani, akampa simu katibu, katibu akanisomea: Windows 7. Nilijua papo hapo nilichokifanya. Flashi ina alama inayoiambia kompyuta kwamba yenyewe ni kitu cha kuchomoka, kama disketi za zamani. Windows za zamani zikiiona alama hiyo huonyesha partisheni ya kwanza tu, na nyingine zote huzificha, hata kama ni nzima. Hilo lilibadilika kwenye Windows 10 toleo la 1703, mwaka 2017. Kwenye Windows 7 exFAT inasomeka vizuri, tatizo halikuwa hilo. Tatizo ni kwamba partisheni ya pili kwake haipo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020, lakini kwenye ofisi za shule, vyama vya ushirika na makanisa ya milimani huku bado inafanya kazi kila siku, na fundi wa Mbeya anayesahau hilo anatengeneza kitu kwa ajili ya meza yake mwenyewe.

Niliuliza flashi ilikuwa na nini. Sikuuliza itakwenda kuchomekwa wapi. Swali la pili lilikuwa na uzito sawa na la kwanza, na nililiacha.

Mtu akiniuliza leo kama naipenda flashi yenye partisheni mbili, jibu langu ni hapana, isipokuwa iwe inakaa kwa mtu mmoja anayejua kompyuta zake. Flashi ni kitu cha kupita mikononi. Inachomekwa kwenye televisheni ya shemeji, redio ya koasta, mashine ya steshenari. Kila kimoja kinaona kinachojua kuona, na kile kisichoonekana, mtu atadhani kimepotea, atampelekea fundi, na fundi atafomati.

Flashi ilirudi Mwanjelwa kwa dereva wa koasta ya Tukuyu, ndani ya bahasha. Safari hii nilianza na video. Badala ya kutafuta mfumo wa kubeba faili la giga 6.2, nililikata faili lenyewe. Kwa ffmpeg, programu ya bure ya kushughulikia video, unaweza kukata bila kuichakata video upya, inanakili tu kipande hiki huku na kile kule, na ubora haupungui hata chembe. Nilitafuta pumziko kati ya wimbo wa tano na wa sita, pale picha inapofifia kuwa nyeusi, nikakata hapo. Giga 3.3 na giga 2.9. Dakika chache. Kompyuta isiyo na nguvu ingekesha kama ningelazimika kuichakata upya.

Halafu clean tena, partisheni moja inayochukua flashi nzima, aina 0C, FAT32. Kwa flashi ya giga 32 kifomatishi cha Windows hakisumbui. Ukiwa na ya giga 64, kwa miaka mingi dirisha lile limekuwa likikataa kutoa FAT32 juu ya giga 32. Ukomo huo ni wa dirisha, FAT32 yenyewe hufika terabaiti 2, na zipo programu nyingine zinazoitengeneza bila shida. Folda tatu: Video, Safari Iringa, Mazoezi. Nilimpigia katibu, nikamwomba asubiri dereva, aichomeke tukiwa kwenye simu, anisomee anachoona. Akasoma folda tatu. Akafungua video ya kwanza, nikasikia kwaya inaanza kwa mbali, ikichanganyika na mvua ya Tukuyu juu ya bati.

Zile sauti tatu zilizopotea, mbili zilipatikana kwa mwimbaji wa sauti ya nne aliyekuwa ametumiwa kwa WhatsApp na hakuwahi kufuta. Moja haikupatikana. Mwalimu aliirekodi upya kwenye koasta, kati ya Chimala na Igawa, na alinitumia nisikie: injini inanguruma chini, yeye anaimba juu yake.

Nakala kamili ya flashi, zile giga 28.6, niliihifadhi kwenye diski yangu pamoja na ISO ya kijana ndani yake. Nilimwambia nitaifuta siku atakaponionyesha flashi ya pili yenye vitu vile vile, inayokaa nyumbani na haiazimwi. Aliileta mwezi wa nane. Tulizichomeka zote mbili, tukahesabu sauti 40 huku na 40 kule, akasikiliza ile ya mzee kwenye zote mbili, ndipo nikafuta.